Kabla ya Tingatinga: Ukaguzi wa Wanyama Hauishi kwa Asubuhi Moja

"Omera, hapa kuna mnyama gani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo akiwa amesimama katikati ya ploti yake, nje kidogo ya jiji la Kisumu, upande ambako mashamba yanateremka kuelekea ziwani na mafunjo yanaanza. Ilikuwa Februari. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka nyufa za kumeza kiganja. Hatimiliki alikuwa nayo, ramani ya nyumba za kupangisha ilishachorwa, na mtaalamu wa mazingira alikuwa amemwambia kwamba ripoti haitakamilika bila sehemu ya wanyama na mimea. Yeye alichokuwa akikiona ni ng'ombe wawili wa mtu, yangeyange watatu wakiwafuata, na jua kali.

Sikumlaumu. Wengi wetu tukisikia neno wanyamapori, tunawaza tembo na simba, na tunajua wako wapi: nyuma ya ua wa umeme wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa kiingilio. Lakini chini ya udongo ule ule aliosimama juu yake huenda alikuwapo kamongo. Maji yakikauka, samaki huyu hujichimbia topeni, hujizungushia ute unaokauka na kumfunika kama ganda, kisha hukaa humo miezi mingi akipumua kwa mapafu, akingoja mvua. Mtu atakayefika hapo na daftari saa nne asubuhi mwezi wa pili, akaizunguka ploti kwa nusu saa, ataandika kwamba hakuna samaki. Atakuwa amesema kweli kuhusu asubuhi ile, na amekosea kabisa kuhusu mahali penyewe.

Fundo la jambo hili liko hapo. Tunauliza "kuna wanyama gani?" wakati swali linalofaa ni "wanakuja lini, wanapitia wapi, na nani amekaa muda wa kutosha kuwaona?"

Sheria imeliwekaje jambo hili

Watu wengi huamini kuna kibali cha pekee cha wanyama ambacho mjenzi hukifuata kwenye ofisi fulani. Kwa ujenzi wa kawaida nje ya hifadhi, kibali cha namna hiyo hakipo. Ukaguzi wa wanyama umo ndani ya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo msingi wake ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015. Jedwali la Pili la sheria hiyo linataja aina za miradi inayohitaji tathmini, na tangu 2019 miradi hiyo imegawanywa kwa kiwango cha hatari: ndogo, ya kati na kubwa. Hatari ikiwa ndogo, ripoti huwa fupi. Ikiwa kubwa, hutakiwa utafiti kamili wenye mikutano ya hadhara na muda wa wananchi kutoa maoni. Ripoti huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na NEMA huipeleka kwa taasisi zinazohusika, KWS ikiwemo palipo na suala la wanyama, kabla ya kuamua kutoa leseni au kuikataa.

Kuna kifungu kimoja ambacho wanunuzi wa ploti za kando ya maji wangepaswa kukijua kabla ya kulipa hata arubuni. Ni kifungu cha 42. Kinazuia kujenga, kuchimba au kukausha mto, ziwa au ardhioevu bila idhini ya maandishi, nayo idhini hutolewa baada ya tathmini kufanywa. Maana yake ni kwamba ukubwa wa nyumba si kitu cha pekee kinachopimwa. Jengo ambalo lingepita kwa urahisi kule Kajulu juu ya kilima linaweza kuwa jambo zito sana likishushwa hadi pembeni mwa kinamasi cha Dunga.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, ambayo Jedwali lake la Sita linaorodhesha viumbe walio hatarini na wanaolindwa. Wanalindwa popote walipo, hata shambani kwa mtu. Na juu kabisa iko Katiba: ibara ya 69 inaipa Serikali wajibu wa kuweka mifumo ya tathmini ya mazingira, na ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mambo ya ramani na mabadiliko ya matumizi ya ardhi ni ya serikali ya kaunti, chini ya sheria ya mipango ya 2019. Hayo nitayaacha, kwa sababu hapo watu hawapotei sana.

Wanapopotea ni kwenye kuamini kwamba ripoti ikishapigwa muhuri, ukaguzi umefanyika.

Nyumba huku, jikoni kule

Twende Nakuru, kwa sababu huko mfano uko wazi angani.

Mwari mweupe, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, hutaga kwenye visiwa vidogo vya mawe katika ziwa Elementaita. Visiwa humkinga na fisi na mbweha. Lakini Elementaita haina samaki wa kumshibisha na makinda yake. Chakula huenda kukifuata ziwa Nakuru, ambako tilapia wa Magadi waliletwa katikati ya karne iliyopita wapunguze mbu, wakazaana, na mwari akafuata. Asubuhi jua likishapasha ardhi moto, utawaona wakizunguka juu, wakibebwa na hewa inayopanda, kisha wanateleza kuelekea ziwa la pili bila kupiga mabawa.

Sasa mwambie mkaguzi akague wanyama wa Elementaita pekee. Atahesabu viota, ataandika ripoti safi. Mwambie mwingine akague Nakuru pekee. Ataandika kwamba mwari hula hapa lakini hazai, kwa hiyo si mahali pa kuzaliana. Wote wawili watakuwa sahihi, na mradi wa nguzo za umeme utakaopita katikati ya maziwa hayo mawili utakuwa haujaguswa na ripoti hata moja. Nyumba ya ndege iko huku, jikoni lake liko kule, na barabara yake ni hewa.

Flamingo wadogo wanaongeza ugumu mwingine. Wao huhama kati ya Nakuru, Elementaita, Bogoria na maziwa mengine, na safari zao ndefu huzifanya usiku. Mkaguzi wa mchana hatawaona kamwe wakipita. Ndiyo maana ukaguzi hubadilika kulingana na kile kinachojengwa. Kwa nyumba, unatazama ardhi itakayofunikwa na maji yatakakoelekea. Kwa laini ya umeme au mitambo ya upepo, unatazama juu, mchana na usiku, na unapima urefu wanaoruka. Kwa visima vya mvuke wa ardhini kama vya Olkaria, ndani na pembeni mwa hifadhi ya Hell's Gate, unatazama majabali wanakotaga tumbusi, pamoja na kelele, mabomba na taa.

Kuna jambo jingine Nakuru imetufundisha kwa nguvu. Ripoti huoza. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, maji ya ziwa Nakuru yamepanda hadi yakameza lango kuu la zamani la hifadhi pamoja na majengo yaliyokuwa karibu. Maji mengi yalipunguza ukali wa magadi, mwani unaoliwa na flamingo ukapungua, na makundi makubwa yakahamia kwingine, hasa Bogoria. Anayefanya mradi leo akanakili takwimu za ndege za miaka ya tisini anazungumzia ziwa ambalo halipo tena. Sensa ya ndege wa maji hufanywa kila Januari, na kwa maziwa ya Bonde la Ufa hufanywa Julai pia, kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Kitaifa, KWS na watu wa kujitolea. Takwimu hizo ni hazina, lakini huwezi kuzichukua zikawa ndizo ukaguzi wako.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na jiji hilo limegusana na ua wa hifadhi. Nguvu ya kujenga ni kubwa pande zote. Sidhani dawa ni kuizuia. Dawa ni kujua kilichopo kabla ya kukifunika.

Wanaosikika kuliko kuonekana

Turudi Kisumu, kwenye mafunjo, au togo kama yanavyoitwa kwa Kijaluo. Kwa mtu wa ujenzi, haya ni majani tu: yakatwe, yachomwe, udongo uletwe kwa lori, ploti ipatikane. Ndani yake anaishi gonoleki wa mafunjo, ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano, asiyeishi popote duniani isipokuwa kwenye mafunjo ya ukanda wa maziwa makuu. Rangi zote hizo, na bado unaweza kusimama dakika arobaini usimwone. Utamsikia. Dume na jike huitana kwa kupokezana, haraka kiasi kwamba asiyejua hudhani ni ndege mmoja. Kwa hiyo mkaguzi wa Dunga asiyejua sauti za ndege ni kama hakimu asiyejua lugha ya shahidi. Anafika alfajiri, anasimama mahali palipopimwa, anahesabu sauti kwa dakika maalumu, anasogea mbele, anarudia. Kesho anarudi. Mwezi ujao anarudi tena.

Kisha yuko nzohe, swala wa kinamasi. Kwato zake ni ndefu na zimetanuka, hivyo hutembea juu ya mimea inayoelea mahali ambapo mbuzi angezama. Akishtuka hujizamisha majini akabakiza pua. Hifadhi ya Saiwa karibu na Kitale, iliyotengwa mwaka 1974 na yenye eneo la takriban kilomita tatu za mraba tu, ilianzishwa kwa ajili yake. Huko wageni hupanda majukwaa ya mbao alfajiri na jioni, na wengine bado huondoka bila kumwona. Kama katika hifadhi yake mwenyewe ni hivyo, utamwonaje Dunga au kwenye kinamasi cha Yala ukipita saa sita mchana na buti mpya? Humtafuti yeye. Unatafuta njia zake zilizolala kwenye mafunjo, kinyesi chake, alama za kwato, na unaacha kamera zinazopiga picha zenyewe kwa wiki kadhaa.

Hapo tena ndipo wenyeji wanapokuwa na thamani isiyonunulika. Wakataji wa mafunjo wanaosuka mikeka na vikapu huingia humo kila siku. Wanajua nzohe analala wapi, fisi maji hupita wapi, kiboko anapanda kutoka majini saa ngapi. Mkaguzi anayewapita bila kuwauliza amejinyima msaada mkubwa kuliko kamera kumi. Nasema kuwauliza kwa dhati, siyo kuwapigisha foleni watie sahihi kwenye orodha ya mahudhurio.

Na si wa majini peke yao. Kule Trans Nzoia na Uasin Gishu, korongo taji hutembea kwenye mashamba ya mahindi mchana kweupe, kwa hiyo mtu hudhani ni ndege wa kila mahali, hana shida. Lakini kiota chake anakijenga kwenye vinamasi vidogo vya mabondeni, vile vile ambavyo watu huvikausha kwa ajili ya mashamba na matofali. Kimataifa ameorodheshwa kuwa yuko hatarini kutoweka. Ukimwona shambani, hujajua lolote kuhusu anakozalia. Na kwenye nyanda za Molo na Mau Narok kuna ndege mdogo mwenye koo la manjano na kucha ndefu, aitwaye kwa jina la kitaalamu Macronyx sharpei, anayepatikana Kenya tu na si kwingine popote. Yeye anahitaji nyasi za asili zilizoota kwa mafungu. Mtu akifika pale ataandika: "Eneo ni nyasi tupu." Shamba likilimwa, ndege anaondoka. Likipandwa miti, anaondoka vilevile. Hili huwashangaza watu, kwa sababu tumefundishwa kwamba kupanda miti ni wema siku zote.

Yala ina siri iliyo chini zaidi. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, alikuwa chakula cha ukoo mzima kuzunguka ziwa Victoria kabla ya mbuta, yaani sangara, kuletwa na uvuvi kuzidi. Katika ziwa kuu ametoweka karibu kabisa. Lakini katika ziwa dogo la Kanyaboli, lililokingwa na kinamasi cha Yala, bado yupo. Mafunjo yenyewe na maji yake yenye hewa kidogo ndiyo yaliyokuwa ukuta dhidi ya mbuta. Ukiyakata mafunjo hayo kwa ajili ya shamba, hujaua samaki hata mmoja siku hiyo. Umebomoa ukuta tu. Ukaguzi unaohesabu wanyama bila kueleza nani anamkinga nani utalipita jambo hilo bila kulitambua.

Saa ya kukagua na saa ya kuchora

Nchini Uingereza, mtu anayetaka kubomoa paa la jengo kuukuu anaweza kusimamishwa na popo. Popo hao huhesabiwa jioni wakitoka, kati ya Mei na Septemba, kwa kuwa wakati wa baridi hulala. Ukikosa msimu, unasubiri. England imeenda mbali zaidi: tangu Februari 2024, miradi mingi inatakiwa kuyaacha mazingira yakiwa bora kwa angalau asilimia 10 kuliko ilivyoyakuta. Wajenzi wa huko hulalamika, lakini wamezoea kuweka kalenda ya viumbe kwenye ratiba ya mradi kama wanavyoweka kalenda ya saruji.

Kalenda yetu haiendeshwi na baridi. Inaendeshwa na mvua. Vyura huita usiku baada ya mvua ya kwanza, na sauti ya kila aina ni tofauti. Mkaguzi wa kiangazi atawakosa wote. Ndege wengi wa kinamasi hutaga maji yakiwa juu. Kati ya Oktoba na Aprili wanafika wageni kutoka Ulaya na Asia, wale wanaojaa kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, na ukikagua Julai utaapa hawajawahi kufika. Ndiyo maana ukaguzi wa maana kwenye mradi mkubwa hugusa angalau msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Mradi mdogo hauhitaji mwaka mzima, na nisingependa mtu wa nyumba ya vyumba vitatu atishwe hivyo. Unahitaji mtu mwenye jicho aseme mapema: hapa hakuna tatizo, au hapa rudi mvua ikinyesha.

Neno "mapema" lina uzito kuliko yote. Kinachopatikana kwenye ukaguzi kinatakiwa kubadilisha mchoro. Kwanza unajaribu kuepuka: sogeza jengo, hamisha barabara, acha ukanda wa mafunjo. Lisiloepukika unalipunguza, kwa mfano kwa kutofyeka wakati wa viota, au kutundika alama kwenye nyaya ili korongo azione. Kilichoharibika unakirejesha. Fidia kwingineko huja mwisho kabisa, tena kwa shingo upande, kwa sababu gonoleki huwezi kumlipa kwa miche ya mikaratusi. Mtaalamu akiitwa baada ya mchoro kupitishwa na mkopo kutoka benki, mlango wa kuepuka umeshafungwa. Kilichobaki ni kuandika sentensi za kutuliza.

Nimewahi kusoma ripoti ya mradi wa makazi kando ya ziwa ambayo orodha yake ya wanyama ilikuwa imenakiliwa kutoka mahali pengine kabisa. Ilitaja wanyama wa nyika kavu ambao hawajawahi kukanyaga eneo lile, na haikutaja mafunjo hata mara moja, ingawa picha ya jalada ilionyesha mafunjo. Iliniuma. Kila aliyeitia sahihi alikuwa na macho. Tatizo lina mzizi: mwenye mradi ndiye anayemlipa mtaalamu, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Anayesema "nipe hadi masika" hupoteza kazi kwa anayesema "nitakuletea Ijumaa."

Kwa hiyo msomaji wa kawaida anapaswa kujua kuisoma ripoti, kwa sababu ana haki hiyo. Utafiti wa mradi mkubwa hutangazwa, na wananchi hupewa muda usiozidi siku 60 kutoa maoni. Usianzie kwenye muhtasari wa mwanzo. Fungua sehemu ya wanyama utafute tarehe. Walienda siku zipi, saa ngapi, mvua ilikuwa imenyesha? Usiku walikuwepo? Nani aliyetambua ndege, na alitambua kwa macho au kwa sikio? Walivuka mpaka wa ploti kuangalia maji yanakokwenda, au walikomea kwenye nguzo za ua? Ripoti nzuri pia hukiri ilichoshindwa kukagua. Ikiwa haijakiri chochote, ishuku. Leseni ikitolewa na bado hujaridhika, kuna Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira, na rufaa huwasilishwa ndani ya siku 60. Mahakama hiyo ndiyo iliyofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Jirani yangu alisubiri. Sikumlazimisha, alipiga hesabu zake mwenyewe. Mwezi wa nne mvua ilipokaza, ploti ikageuka dimbwi upande wa chini, na vijana wa karibu wakawa wanashika kamongo pale pale tulipokuwa tumesimama. Usiku vyura walipiga kelele hadi akashindwa kulala. Mkaguzi alikuja mara tatu, mara moja usiku na tochi kichwani. Nyumba zimesogezwa hadi upande wa juu, zimepungua mbili, na mstari wa mafunjo umebaki ukichuja maji kabla hayajafika ziwani. Kwa mwenye ploti kama ile na anayetaka kuanza msingi Januari, mpangilio wenyewe ni huu: mkaguzi aanze Machi mvua zikianza, arudi Julai pakiwa pakavu, na amalizie Novemba wageni wa Ulaya wakishafika. Mchoraji wa ramani aitwe baada ya Julai, siyo kabla.